Figo, jicho na panya wa maabara

Hotuba iliyotolewa jioni ya Siku ya Figo Duniani mbele ya wazazi, wauguzi na wanafunzi wa udaktari

Shikamooni wazee wangu. Wazazi, wauguzi, na ninyi wanafunzi wa udaktari mliojibana huko nyuma karibu na feni, habari za jioni.

Kila Alhamisi ya pili ya mwezi Machi tunakumbushwa mambo yale yale kuhusu figo, na yote ni kweli: pima presha, dhibiti sukari, acha kumeza dawa za maumivu kiholela. Leo naomba niyaweke kando. Nataka kuzungumza juu ya mtoto asiye na kisukari wala presha, ambaye hajawahi kumeza dawa ya mtu, lakini mkojo wake una damu na figo zinaelekea kuzimika. Halafu mwalimu anamwambia mama kwamba mtoto haoni vizuri ubaoni, au bibi anagundua kuwa giza likiingia tu mjukuu wake anapapasa ukuta.

Mzazi wa mtoto huyo huniuliza maswali mawili. La kwanza: nimemkosea wapi? La pili huja akishaelewa kwamba ugonjwa ni wa kurithi na hakuna aliyekosea: dawa ipo? Na kwa baadhi ya magonjwa haya hulazimika kumjibu kwamba ipo, lakini kwa panya. Jibu hilo humkera mzazi, na ana haki ya kukereka. Mtoto wake yuko kitandani, mimi namletea habari za panya wa Ulaya na Marekani.

Basi leo nieleze panya huyo ni nani, ametufundisha nini, na ni wapi hafai kuaminiwa. Nitangulize tu kusema kwamba somo lake kubwa kwetu ni saa ya kuanza dawa, tena dawa ambayo tayari imo kwenye maduka yetu.

Tuanze na panya mwenyewe. Simsemi panya buku wa Morogoro, yule anayefundishwa kunusa mabomu ya ardhini na makohozi yenye kifua kikuu. Yule ni mkubwa, hufikia kilo nzima na zaidi. Huyu wa maabara ni yule mdogo anayetoboa mfuko wa unga usiku, ana gramu 20 hadi 30, ila huyu amefugwa vizazi na vizazi. Mimba yake huchukua wiki tatu. Watoto huachishwa ziwa wakiwa na wiki tatu, na wakifika wiki nane nao wanaweza kuzaa. Ugonjwa ambao kwa binadamu unachukua miaka 20 kuonyesha sura yake yote, kwake utauona mwanzo mpaka mwisho kabla ya mwaka kwisha.

Ukoo wake maarufu kuliko wote, wenye manyoya meusi, unaitwa C57BL/6. Ulianzishwa mwaka 1921 na Mmarekani Clarence Cook Little, ambaye mwaka 1929 alifungua maabara ya Jackson huko Bar Harbor, jimbo la Maine. Kaka na dada walizalishwa pamoja kizazi baada ya kizazi mpaka vinasaba vyao vikawa vile vile. Faida yake ni hii: ukiwa na panya wawili wa ukoo mmoja, ukamwondolea mmoja jeni moja na mwenzake ukamwacha alivyo, tofauti itakayotokea baina yao ina chanzo kimoja tu. Kwa binadamu huwezi kupata jambo kama hilo, hata ndani ya nyumba moja. Njia ya kuondoa jeni uliyoichagua mwenyewe ilipatikana miaka ya 1980, na Mario Capecchi, Martin Evans na Oliver Smithies wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2007 kwa kazi hiyo. Na mwaka 2002, vinasaba vya panya vilipochapishwa, ilionekana kwamba takribani asilimia 99 ya jeni zake zina jamaa zake kwa binadamu.

Sasa, kwa nini figo na jicho? Viungo hivi viko mbali mwilini na kazi zao hazifanani hata kidogo. Hospitalini mgonjwa wa figo yuko jengo hili, wa macho yuko jengo lile, na faili zao hazionani. Lakini ugonjwa wa kurithi haufuati ramani ya hospitali. Unafuata jeni, na kuna jeni ambazo figo na jicho wanazitegemea kwa pamoja. Nitaeleza njia mbili tu, maana zimebeba familia nyingi.

Njia ya kwanza ni utando. Ndani ya kila figo kuna vichujio vidogo sana, karibu milioni moja kwa binadamu, na ukuta wa kila kichujio umejengwa juu ya utando wa kolajeni aina ya 4. Utando huo umesukwa kama ukili wa mkeka: nyuzi tatu tofauti zinapindwa pamoja, na ukikosekana uzi mmoja, hizo mbili nyingine hazishiki. Nyuzi hizo hizo tatu zimo katika sikio la ndani, na zimo katika kifuko kinachofunika lenzi ya jicho. Kwa hiyo mtu aliyerithi uzi mbovu huanza na damu kwenye mkojo, nyingine haionekani kwa macho, kisha mkojo unatoa protini, kisha masikio yanaanza kuzibaziba ujanani, na kwa baadhi yao lenzi ya jicho inachongoka kuelekea mbele. Daktari wa macho akiiona lenzi ya namna hiyo, asimwache mgonjwa aende na miwani tu. Ampime mkojo siku hiyo hiyo.

Ugonjwa huu unaitwa Alport, kwa jina la Cecil Alport, daktari mzaliwa wa Afrika Kusini aliyeandika mwaka 1927 kuhusu familia moja ya Uingereza ambamo ugonjwa wa figo na uziwi vilikwenda pamoja. Aliona kwamba wanaume wa familia ile walikufa mapema na wanawake waliishi mpaka uzeeni. Hakujua sababu. Leo tunajua kwamba aina iliyo ya kawaida zaidi inabebwa na kromosomu ya X, kwa hiyo mvulana mwenye X moja hana akiba, na dada yake anayo. Angalieni nimesema anayo akiba. Sikusema amepona. Dada naye apimwe, na mama yao pia.

Njia ya pili ni ndefu kidogo, nivumilieni, kwa sababu mimi binafsi naona hakuna kisa kizuri kuliko hiki katika elimu nzima ya figo.

Huko Oak Ridge, jimbo la Tennessee, palikuwa na nyumba kubwa ya panya iliyoanzishwa baada ya Vita Kuu ya Pili ili kupima madhara ya mnunurisho kwa vizazi. Katika kazi za baadaye za pale pale, kipande cha jeni ngeni kilichopandikizwa kwa panya kilitua mahali kisipopangiwa, kikavunja jeni nyingine. Watoto wa panya wakazaliwa na figo zilizojaa vifuko vya maji. Mwaka 1994 jeni iliyovunjika ikatambuliwa na kuandikwa. Lakini kazi yake? Hakuna aliyejua. Ikabaki na namba yake tu, Tg737.

Wakati huo huo kulikuwa na watafiti waliokuwa wakishughulika na kitu tofauti kabisa: mwani wa kijani wenye seli moja, unaoishi kwenye maji baridi na udongo, unaoogelea kwa mikia yake miwili. Walitaka kujua mkia ule unajengwaje. Mwaka 2000 Gregory Pazour, Joel Rosenbaum, George Witman na wenzao waliandika kwamba mwani uliokosa jeni fulani haukuweza kuota mikia. Walipotafuta jeni hiyo ina ndugu gani kwa wanyama, wakaikuta Tg737, ile ile ya panya wa Oak Ridge. Wakarudi kwenye figo za panya wale na kuzitazama kwa darubini ya elektroni. Kila seli ya mfereji wa figo ina kinywele kimoja kinachochungulia ndani ya mfereji ambamo mkojo unapita. Kwa panya wale vinywele vilikuwa vifupi mno, vimedumaa.

Kinywele hicho, silia, kilikuwa kimejulikana kwa karibu miaka mia moja, na wengi walikihesabu kuwa masalia yasiyo na kazi. Kumbe ndicho kinachoipa seli habari. Na mwaka 2002 Pazour na wenzake wakayafungua macho ya panya wale wale. Seli za retina, ule utando wa nyuma ya jicho, zinazopokea mwanga zina sehemu mbili, ya ndani inayotengeneza protini na ya nje inayonasa mwanga, na daraja pekee kati yake ni silia. Sehemu ile ya nje huchakaa na kujengwa upya kila siku, karibu sehemu moja ya kumi yake, kwa hiyo mizigo inapita darajani usiku na mchana. Kwa panya wa Oak Ridge daraja lilikuwa bovu. Seli za mwanga zilianza kupotoka umbo, kisha zikafa.

Madaktari walikuwa wamekwishawaona watoto wa aina hii miaka 40 kabla. Mwaka 1961 Senior na wenzake huko Marekani, na Løken huko Norway, kila upande bila kujua habari za mwenzake, walieleza familia zenye watoto ambao figo zao zilisinyaa na retina zao zikafa. Wakauita ugonjwa kwa majina yao, wakaishia hapo, kwa kuwa hapakuwa na maelezo. Maelezo yalitoka kwa mwani, yakapita kwa panya, yakafika kwa mtoto. Tangu hapo orodha ya magonjwa ya silia imekuwa ndefu. Mmojawapo, Bardet-Biedl, humpa mtoto unene wa mapema, kidole cha sita, upofu wa usiku na figo dhaifu. Nisieleweke vibaya: kidole cha sita peke yake, ambacho koo nyingi za kwetu wanacho, si ugonjwa. Kidole cha sita pamoja na mtoto asiyeona jioni, hilo ni jambo jingine.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza kabla hatujaanza, kwamba panya hawezi kusema haoni, wala hawezi kusema mkojo wake una povu, sasa mnajuaje? Mkojo ni rahisi kuliko mnavyodhani. Panya ukimshika mkia na kumwinua taratibu, mara nyingi hukojoa papo hapo kwa woga. Mtafiti ameshaweka kipande safi cha plastiki chini yake, anavuta matone yale kwa bomba jembamba, na matone machache yanatosha kupima protini iitwayo albumini. Ukitaka mkojo wa siku nzima, panya anawekwa kwenye kizimba chenye sakafu ya wavu, mkojo unakwenda huku na kinyesi kule.

Jicho lina taratibu zake. Panya analazwa gizani usiku kucha ili seli za mwanga zitulie. Asubuhi mtafiti anafanya kazi katika chumba cheusi kwa taa hafifu nyekundu, kwa kuwa panya haoni vizuri wekundu. Anamchoma sindano ya usingizi, anamlaza juu ya kitanda chenye joto kwa sababu panya aliyelala hupoa haraka, anatia tone la kupanua mboni, kisha anagusisha kitanzi cha waya mwembamba wa dhahabu juu ya jicho. Taa inamulika mara moja, kwa muda mfupi kuliko kupepesa. Kwenye skrini mstari unashuka kidogo, hapo seli za mwanga zimejibu; kisha unapanda juu sana, hapo seli zinazofuata zimepokea. Kwa panya mgonjwa mstari unapungua wiki hadi wiki. Siku moja unamulika na mstari haushtuki kabisa, unakwenda moja kwa moja. Panya huyo ukimtazama kizimbani anakula na kukimbia kama kawaida.

Na hapo ndipo ninapotaka tukae zaidi: muda ambao mnyama anaonekana mzima na kumbe kiungo kinakufa.

Mwaka 1996 panya wa kwanza wa Alport walielezwa, panya walioondolewa uzi mmoja wa kolajeni ile. Walizaliwa vizuri, walinyonya vizuri, na baada ya wiki chache mkojo ukaanza kutoa protini. Walikufa kwa figo wakiwa na miezi miwili hadi mitatu hivi. Huko Ujerumani, Oliver Gross na wenzake wakachukua panya wa aina hii na kuwapa ramiprili. Hiyo ni dawa ya presha, tena ya zamani, ndugu wa enalaprili na kaptoprili mnazozijua. Matokeo waliyachapisha mwaka 2003. Wasiopewa dawa waliishi wastani wa siku 71. Waliopewa tangu wiki ya nne, kabla figo hazijaharibika, waliishi wastani wa siku 150. Maisha yaliongezeka zaidi ya maradufu, kwa dawa ya presha.

Lakini kulikuwa na kundi jingine, lililoanzishiwa dawa wiki ya saba. Dawa ile ile, panya wale wale, wiki tatu tu za kuchelewa. Maisha yao hayakurefuka kwa kiasi cha maana.

Wanafunzi, hapo ndipo panya anapokuwa na thamani. Kwa mgonjwa mmoja mmoja kliniki usingeweza kuliona jambo hili, kwa sababu wengi wanatufikia wiki ya saba yao. Unampa dawa, figo zinaendelea kufa, unasema dawa haifai. Dawa inafaa, mgonjwa amefika jioni.

Gross na wenzake wakawageukia binadamu. Mwaka 2012 walichapisha kumbukumbu za wagonjwa 283 wa Alport wa Ulaya. Wasiotibiwa walianza kusafishwa damu wakiwa na umri wa miaka 22 hivi, ukichukua yule wa katikati. Walioanza dawa figo zikiwa zimeshadhoofika sana walifika miaka 25. Walioanza mapema, wakati mkojo unatoa protini lakini figo bado zinafanya kazi, walifika miaka 40. Miaka mitatu upande huu, miaka 18 upande ule. Mtu wa miaka 22 ndiyo kwanza anatafuta kazi. Mtu wa miaka 40 amesomesha watoto. Kisha ukafanyika utafiti wa watoto wenyewe, huko Ujerumani, watoto 66, ukachapishwa mwaka 2020. Swali kubwa la mzazi lilikuwa usalama: nimpe mwanangu anayecheza mpira dawa ya presha kwa miaka? Dawa ilionekana salama kwa watoto. Kuhusu faida, waliopewa ramiprili kwa bahati nasibu walielekea kuwa na hatari ndogo zaidi ya ugonjwa kusonga mbele, karibu nusu, ila walikuwa wachache mno kwa takwimu kutoa hukumu. Nawaeleza hivyo hivyo bila kupamba.

Sasa upande wa pili, maana mkiondoka hapa mkidhani panya ni binadamu mdogo nitakuwa nimewadanganya.

Kwanza, ukoo wa panya unabadilisha ugonjwa. Panya wa Alport wa ukoo mmoja hufa baada ya miezi miwili hivi, na wa ukoo wa C57BL/6, wenye kasoro ile ile, huishi karibu mara tatu ya muda huo. Kuna ugonjwa uitwao sistinosi, ambapo fuwele zinajikusanya ndani ya seli, figo zinavuja chumvi na sukari, na macho yanauma kwenye mwanga kiasi kwamba mtoto hataki kutoka nje mchana. Panya wa kwanza wa ugonjwa huo, mwaka 2002, walikuwa na fuwele machoni lakini figo zao zilikuwa shwari. Walipohamishiwa kwenye ukoo wa C57BL/6, figo nazo zikaanza kuharibika. Katika panya hao ndipo Stephanie Cherqui na wenzake walipopandikiza seli za uboho zenye jeni nzima na kuona figo zikilindwa, na mwaka 2019 mgonjwa wa kwanza binadamu akatibiwa kwa njia hiyo huko California, kwa seli zake mwenyewe zilizorekebishwa. Kama wangeishia kwenye ukoo ule wa kwanza, huenda tungeambiwa jeni ile haihusiki na figo.

Pili, kuna panya anayekataa kuugua. Jeni iitwayo NPHP1 ndiyo inayoongoza kwa kusinyaza figo za watoto katika kundi lile la magonjwa ya silia. Panya walipovurugwa jeni hiyo, madume yalikuwa tasa na retina zilikufa, ila figo hazikuugua kama za watoto wetu. Jicho lilisema kweli, figo ikanyamaza.

Tatu, na hili huwachekesha watu wa macho: koo nyingine za panya ni vipofu tangu zamani. Mwaka 1924 Clyde Keeler, akiwa Harvard, aliwaona panya wasio na seli za kuonea kwenye mwanga hafifu. Kasoro ile ile imo katika koo zinazotumika sana, FVB na C3H, na jeni yake ilipopatikana mwaka 1990 haikuchukua miaka mingi kuonekana pia kwa watu wenye upofu wa usiku. Tena mwaka 2012 ikagundulika kwamba tawi moja la C57BL/6, lile la N, lina kasoro nyingine ya retina ambayo wengi hawakuijua. Kwa hiyo mwanafunzi akija kwangu na matokeo kwamba ameondoa jeni fulani na panya amepofuka, swali langu la kwanza ni hili: wazazi wake walikuwa wanaona?

Halafu kuna mambo ambayo panya hana kabisa. Hana ile sehemu ya katikati ya retina ambayo wewe unaitumia kusoma ujumbe wa simu; jicho lake ni la mnyama wa usiku. Na hana jeni ya APOL1, ambayo kwetu Waafrika ina maana ya pekee. Jeni hiyo inatengeneza protini inayoua vimelea vya mbung'o katika damu. Aina zake mbili, zilizoenea zaidi Afrika Magharibi, zinakinga dhidi ya baadhi ya malale lakini mtu akizirithi kutoka kwa baba na mama zinamwongezea sana hatari ya ugonjwa wa figo. Hilo liliandikwa mwaka 2010. Ili kuchunguza jambo hilo kwa panya, ilibidi kwanza apewe jeni ya binadamu. Ugonjwa unaowahusu zaidi watu wenye asili ya Afrika haukuwahi kuwemo ndani ya panya hata siku moja.

Nimeulizwa pia kuhusu ukatili. Ni swali la haki na sitalikwepa. Wanyama hawa wanauawa. William Russell na Rex Burch waliweka mwaka 1959 masharti matatu ambayo kamati za maadili zinayafuata mpaka leo: badala ya mnyama tumia njia nyingine ikiwezekana, punguza idadi, punguza maumivu. Marekani ilibadilisha sheria mwishoni mwa mwaka 2022, dawa mpya hailazimiki tena kupitia kwa mnyama. Leo watafiti wanaotesha vipande vya figo na retina kutoka seli za mgonjwa mwenyewe, na kwa magonjwa ya macho naona njia hiyo ina mustakabali mzuri. Lakini kipande cha figo kwenye sahani hakina presha ya damu, hakitoi mkojo. Ramiprili isingeonyesha kitu pale. Kwa figo, sioni tukimwacha panya karibuni.

Basi yule mzazi aliyekereka nimwambie afanye nini?

Kama kwenu kuna mtu aliyesafishwa damu akiwa kijana, au aliyekufa kwa figo kabla ya miaka 40, andika majina ya ukoo, wa upande wa baba na wa mama, walioziwika, walioona vibaya, waliokufa wachanga. Kule Pwani na visiwani, na kwa jamaa zetu wa Oman na Ghuba, ndoa za binamu ni za kawaida na sina nia ya kuzisema vibaya. Ila magonjwa yanayohitaji jeni mbovu kutoka pande zote mbili hujitokeza zaidi humo, na daktari akijua anatafuta mapema. Mweleze bila kuona haya.

Kisha peleka kaka na dada za mgonjwa wapimwe mkojo kwa kile kijiti cha rangi rangi. Kipimo hicho kipo mpaka kwenye vituo vya afya, na ndicho kinachoweza kumkuta mtoto wa Alport katika wiki ya nne yake. Kwa magonjwa ya silia kijiti kinaweza kutoka safi na mtoto ni mgonjwa, kwa hiyo tazama mengine: anakunywa maji mno, anaamka kukojoa kila usiku au anakojoa kitandani baada ya kuwa ameacha, amepungukiwa damu bila sababu, harefuki. Huyo anahitaji kipimo cha damu na ultrasaundi. Na wauguzi wa kliniki za macho, mtoto anayeambiwa retina yake inakufa asitoke kwenu bila kupimwa figo.

Mkojo ukiwa na damu na protini, na familia ina historia, usisubiri majibu ya vinasaba kutoka nje ya nchi ndipo uzungumzie enalaprili na daktari wa figo. Dawa hiyo haitaki kununuliwa kwa kubahatisha. Inapandisha potasiamu, na damu inapimwa kabla na baada ya kuanza. Mtoto akiharisha na kutapika sana, isimamishwe kwa siku hizo mpaka daktari aseme. Na wasichana wanaokua wakiitumia waambiwe waziwazi, na mama zao wakiwepo ikibidi, kwamba dawa hii humdhuru mtoto aliye tumboni: anayepanga kushika mimba aje kwetu kwanza tumbadilishie. Hilo la mwisho naona linasahaulika mno, ndiyo maana nimeliacha mpaka sasa.

Karibuni kwa maswali. Mama wa pale mbele alinyoosha mkono zamani.